Jiko la kubeba kwa wanaoishi garini: pigeni hesabu ya joto kabla ya kununua

Swali: Mimi na mwenzangu tunahamia kwenye gari aina ya van, na tutaishi humo kwa muda usiopungua mwaka. Tuna betri ya pili ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100, inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) ya wati 1,000 na paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa. Tunapika mara mbili kwa siku, na chai hatuiachi. Muuzaji mmoja ametushauri tusahau gesi, tununue jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku, na birika la kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Mwingine anasema umeme wa gari haupiki kitu. Tumsikilize nani, na tununue nini?

Jibu: Msimsikilize yeyote kati yao, ila huyo wa kwanza ndiye atakayewagharimu zaidi. Umeme wa gari unapika, tena vizuri, mradi upewe kazi unayoiweza. Kinachoamua ni kiasi cha joto ambacho mapishi yenu yanadai kwa siku, na mahali joto hilo litakapotoka. Jina la jiko linakuja baadaye.

Lita moja ya maji yaliyo kwenye nyuzi 20 huhitaji karibu wati-saa 93 (wati moja ikitumika saa moja ni wati-saa moja) ili ichemke. Huo ni mgawo wa maji yenyewe, na hakuna kifaa kinachoweza kuupunguza. Birika la umeme lenye kifuniko hupoteza kidogo tu, kwa hiyo lita hutoka kwa wati-saa 105 hadi 115. Sasa chukueni siku ya kawaida ya watu wawili. Chai ya asubuhi na jioni, lita mbili kwa jumla, ni wati-saa 220. Sufuria ya wali, 250. Kukaanga mboga dakika 15 kwa wati 800, 200. Mchuzi au maharage, 300. Jumla ni 970, na kwa kuwa inverta nayo hula asilimia 10 hadi 15, kinachotoka kwenye betri ni karibu 1,100.

Betri yenu, ingawa huitwa ya volti 12, ina volti 12.8 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,280, na haifai kukaushwa hadi tone la mwisho. Maana yake mapishi ya siku moja yanaimaliza kabla hamjawasha taa, friji au pampu ya maji. Ingekuwa betri ya risasi na asidi hali ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu ile ukiitumia kupita nusu yake kila siku unaifupishia maisha.

Na je, mtairudishaje? Paneli ya wati 200 iliyolala bapa juu ya paa hutoa wati-saa 600 hadi 800 siku ya jua zuri. Mawingu mazito yakitanda, hata robo ya hapo inaweza isifike. Chaja inayochukua umeme wa alteneta, jenereta ya injini, kwa ampea 30 huleta karibu wati 400, kwa hiyo mkiendesha saa tatu betri inakaribia kujaa. Lakini mkiegesha mahali siku tatu na mvua inanyesha, hamna jua wala alteneta, na chakula bado kinahitajika.

Linganisheni na gesi. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina takriban wati-saa 12,800 za joto, mara kumi ya betri yenu nzima. Jiko dogo hufikisha sufuriani asilimia 40 hivi ya joto hilo na lililobaki hupotea hewani. Hata baada ya hasara hiyo, mapishi ya siku ile ile yanakula gramu 150 hadi 160 tu. Mtungi wa kilo 3 unawafikisha karibu siku 19.

Kwa hiyo pendekezo langu kwenu ni hili: gesi ibebe mzigo mkuu, umeme ufanye kazi chache zilizochaguliwa, na chombo cha kutunza joto kifanye kazi ambayo watu huiachia moto bila sababu.

Kwa nini induksheni haifai kwenu kwa sasa

Jiko la induksheni lenyewe ni zuri. Hupeleka sufuriani karibu asilimia 85 ya umeme linaoula, halina moto wala moshi, na halijazi gari mvuke wa gesi inayoungua. Tatizo liko kwenye mfumo wenu. Majiko mengi ya sufuria moja huwa ya wati 1,800 hadi 2,100. Muuzaji atawaambia mliweke kwenye alama ya 400 na inverta itamudu. Majiko mengi ya bei nafuu hayapunguzi nguvu kwa namna hiyo: huwaka kwa nguvu kubwa sekunde chache, huzima, kisha huwaka tena, ili wastani ufike 400. Inverta ya wati 1,000 haijui wastani. Inaona wati 1,000 au 1,200 kwa ghafla, inalia na kujizima.

Mkiamua kununua inverta ya wati 2,000, mtakutana na ukuta wa pili. Wati 2,000 kutoka kwenye volti 12.8, ukijumlisha hasara ya inverta, ni karibu ampea 178. Betri nyingi za lithiamu za ampea-saa 100 zina saketi ya ulinzi inayokata umeme ukizidi ampea 100. Mtakuwa na inverta kubwa, jiko zuri, na betri inayojizima kila mnapoweka sufuria.

Waya nao una neno lake. Hata wati 1,000 mlizo nazo sasa huvuta karibu ampea 90. Waya wa milimita 6 za mraba, wenye urefu wa mita 2 kwenda na kurudi, utapoteza nusu volti na kugeuza wati 47 kuwa joto ndani ya waya wenyewe, nyuma ya ubao mlioufunika kwa mapambo. Tumieni waya wa shaba wa milimita 35 za mraba, mfupi kadiri iwezekanavyo, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Fyuzi hiyo inalinda waya. Inverta ina ulinzi wake. Kama inverta yenu haitoi mawimbi safi, yaani mawimbi laini kama ya umeme wa gridi, msichomeke kwayo jiko la induksheni wala kifaa chochote cha kupikia chenye vitufe vya kielektroniki.

Induksheni inaanza kuwa na maana mkiwa na ampea-saa 200 au zaidi za lithiamu, inverta ya wati 2,000 na sola ya wati 400 hivi. Kabla ya hapo ni kifaa cha kutumia mnapolala kwenye kambi yenye umeme. Hata huko, soketi za kambi mara nyingi zina kikomo cha ampea 6 au 10. Kwa volti 230, ampea 6 ni wati 1,380. Jiko likiwa kwenye alama ya juu kabisa litakata umeme wa eneo lenu.

Birika la tundu la sigara

Hili ndilo linalomnasa zaidi mnunuzi mpya, kwa sababu linaonekana dogo, rahisi na la haraka, na la mwisho kati ya hayo si kweli. Tundu la kuwashia sigara kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 hadi 15, kwa hiyo birika haliwezi kupita wati 120 hadi 180. Mengi ni ya 120. Nusu lita itachukua nusu saa, lita nzima karibu saa moja, na wakati wote huo joto linatoroka ubavuni. Plagi nayo hushikwa na springi ndogo. Mguso ukilegea kidogo, mahali hapo hupata moto na plastiki huanza kuyeyuka. Mkiigusa plagi baada ya dakika 10 mkaiona ina joto la kuudhi mkono, ichomoeni.

Kuna hatari nyingine. Mabirika mengi ya aina hii hayajizimi maji yakichemka. Yakikauka wakati dereva anaangalia barabara, kinachofuata ni harufu ya plastiki inayoungua. Birika lenye maji ya moto ndani ya gari linalotembea ni jambo ambalo sipendekezi kwa yeyote. Na kama tundu limeungwa kwenye betri ya kuwashia injini, kila nusu saa ya birika hula ampea-saa 5. Mara moja haidhuru. Jioni kadhaa mfululizo bila kuendesha, mnaweza kuomba kusukumwa. Betri ya kuwashia iliyopumzika ikionyesha volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12.4 msipike kwayo chochote.

Kifaa kimoja cha volti 12 ambacho kinafaa kweli ni kisanduku cha kupashia chakula, kile kinachofanana na begi dogo au kasha lenye sahani ya joto chini. Huvuta wati 40 hadi 150 kutegemea aina, chakula hufungwa kwenye chombo bapa chenye kifuniko, na alteneta hukifanyia kazi huku mkisafiri. Kiporo kilichowekwa saa moja kabla ya kusimama hutoka cha moto. Msikiwekee kitu chenye mchuzi mwepesi unaoweza kumwagika, na kifungeni kisiruke breki ikikanyagwa.

Wanaosoma jibu hili wakiwa na lori: mfumo wenu ni wa volti 24. Kifaa cha volti 12 kikichomekwa kwenye 24 huvuta nguvu mara nne ya iliyokusudiwa na huungua mara moja. Cha 24 kwenye 12 hubaki na robo ya nguvu na hakichemshi kitu. Someni kibandiko chini ya kifaa, si maandishi ya kwenye boksi. Nyinyi mna bahati moja: ampea zile zile hubeba nguvu maradufu, kwa hiyo birika la wati 250 hadi 300 linawezekana, na nusu lita hutoka kwa dakika 12 hadi 15.

Kazi ambazo umeme wenu utazifanya vizuri

Nunueni sufuria ya presha ya umeme ya lita 3, yenye wati 700 au pungufu. Hii, kwa mfumo wenu, ina thamani kuliko kifaa kingine chochote cha umeme. Inverta ya wati 1,000 inaimudu, ganda lake linatunza joto, na ikishafikia presha huwaka kwa vipindi vifupi tu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha hutoka kwa wati-saa 300 hivi, bila moto wa wazi na bila mtu kusimama juu yake. Iwasheni saa sita mchana jua likiwa kali, sola iwe inarudisha kile kinachotoka. Mvuke uachieni karibu na dirisha lililo wazi, au subirini presha ishuke yenyewe. Hakikisheni ni ya volti za inverta yenu: kifaa cha 230 kwenye umeme wa 110 hubaki na robo ya nguvu.

Sehemu inayoharibika kwanza ni mpira wa kifuniko. Hunyonya harufu, hukakamaa, na siku moja sufuria inafuka mvuke pembeni na kukataa kupanda presha. Bebeni mpira wa akiba tangu siku ya kununua, kwa sababu kuupata wa saizi ile ile njiani ni kazi. Tundu la vali lisafisheni baada ya kupika kitu chenye povu, na msijaze zaidi ya nusu mkipika nafaka au kunde zinazovimba.

Birika la umeme la safari la nusu lita, lenye wati 600 hadi 800, linafaa pia. Sufuria ya kupika taratibu kwa saa nane, hapana: wati 150 kwa saa nane ni 1,200, betri yote. Tanuri la mikrowevu lililoandikwa wati 700 nalo litawahadaa. Namba hiyo ni nguvu inayofika kwenye chakula. Kutoka kwenye soketi huvuta 1,050 hadi 1,200, na inverta yenu itagoma.

Kuhusu zile betri kubwa za kubeba zenye soketi kabisa, angalieni namba mbili na mzitenganishe kichwani. Wati-saa zinasema itadumu muda gani, wati zinasema itaweza kubeba nini. Yenye wati-saa 500 na wati 500 haitawasha birika la wati 1,000 hata kama imejaa. Ile namba kubwa ya kilele inayotangazwa ni ya sekunde chache tu. Tena haipandi ndege: mashirika ya ndege huruhusu betri za hadi wati-saa 100 kwenye mzigo wa mkononi, na za 100 hadi 160 kwa kibali chao.

Gesi: aina, baridi, na kufunga vizuri

Kuna njia mbili za busara. Ya kwanza ni jiko la kasha linalotumia kopo refu la butani, aina mojawapo ya gesi ya kupikia, la gramu 220 hadi 227. Ni la bei nafuu, bapa, imara mezani, na mnaweza kulitoa nje mkapikia hapo. Likiwa na nguvu ya kilowati 2.2, moto wa juu kabisa hula gramu 160 hivi kwa saa, kwa hiyo kopo linakwisha kwa dakika 80 hadi 90. Kwa mapishi yenu ni kopo moja kwa siku moja na nusu. Kwa miezi miwili hiyo ni makopo 40 na taka zake. Kama kifaa cha pili ni kizuri sana. Kama jiko la kila siku kwa mwaka mzima, litawachosha.

Ya pili ni mtungi wa kujazwa, wa kilo 3 au 6, wenye regyuleta (kipunguza presha) na mpira, ukilisha jiko la vichomeo viwili. Hili ndilo ningewataka mlifunge. Vichomeo viwili vinatosha. Cha tatu kwenye gari hukosa nafasi ya sufuria.

Baridi inabadilisha mambo. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0. Kopo likiwa linatumika hujipoza lenyewe, kwa hiyo hata hewa ikiwa nyuzi 5 moto huanza kunywea huku gesi ikisikika bado imo. Propani, aina nyingine ya gesi hiyo, huendelea kutoa mvuke hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mkielekea milimani au kwenye majira ya baridi, takeni mtungi wa propani au mchanganyiko wenye propani nyingi. Msipashe kopo kwa moto wala kuliweka juu ya hita. Maji ya vuguvugu kwenye bakuli, yanayovumilika kwa mkono, yanatosha. Baridi inaigusa pia betri yenu: lithiamu ya aina ya fosfeti haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0, ingawa inatoa umeme.

Makosa mawili ya jiko la kasha yanastahili kutajwa kwa sababu yanaunguza watu. Kopo lina mkato mdogo kwenye ukingo wake, na mkato huo lazima uelekee juu, ukutane na pini ya jiko. Ndani ya kopo kuna mrija uliopinda ili uchote mvuke sehemu ya juu. Kopo likizungushwa, mrija unachota gesi ikiwa bado kimiminika, na moto wa njano unaruka juu ghafla. Kosa la pili ni sufuria au kikaango kipana kinachofunika upande wa kopo. Joto linarudi chini, kopo linapanda presha. Majiko bora hukata gesi yenyewe hali hiyo ikitokea. Nunueni lenye ulinzi huo, lakini msiutegemee. Kwa sababu hiyo hiyo, msizungushie kinga ya upepo kichomeo kinachokaa juu ya kopo lake. Kama upepo ni mkali, gari ligeuzwe liwe ukuta.

Mtungi ukae wima daima, umefungwa kwa mikanda miwili, ndani ya kabati lisilovujisha kuelekea ndani na lenye tundu kwenye sakafu linalotokea nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kujikusanya kwenye kona, na kiasi cha asilimia 2 hewani kinatosha kuwaka. Tundu hilo lisiwe juu ya bomba la moshi la injini. Presha ya regyuleta lazima ilingane na iliyoandikwa kwenye jiko: majiko mengi ni ya milibari 30, lakini yapo ya 37 na ya 50. Ukichanganya, moto utanyanyuka kutoka kwenye kichomeo au utakuwa wa kusinzia na wenye masizi.

Kila mnapobadili mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye kila maungio huku gesi ikiwa imefunguliwa na jiko limezimwa. Viputo vikivimba, pana uvujaji. Msitumie kiberiti kutafuta uvujaji. Mtikisiko wa barabara hulegeza maungio ambayo ndani ya nyumba yangekaa miaka, kwa hiyo fanyeni hivyo pia baada ya kila safari ndefu ya barabara mbovu. Mpira wa gesi una tarehe iliyochapwa juu yake. Ukipita muda, au ukionyesha nyufa unapokunjwa, ubadilisheni. Gari likitembea, vali ya mtungini ifungwe. Jiko mnalonunua liwe na kile kijiti cha kuhisi joto pembeni ya kichomeo ambacho hukata gesi moto ukizimika, maana mvuke wa sufuria na upepo wa mlangoni huzima moto mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Halafu kuna kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya moto usioungua sawasawa. Haina rangi, haina harufu, na huua watu waliolala. Moto wa bluu unaounguruma kwa utulivu ni ishara njema. Wa njano unaoacha weusi kwenye sufuria maana yake gesi haiungui sawasawa. Fungueni dirisha na tundu la paa kwa pamoja mnapopika, hewa iingie chini na kutoka juu. Msitumie jiko kupasha gari joto, hata kwa dakika kumi, hata kama nje kunaganda. Wekeni king'ora cha kaboni monoksidi kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyelala, na cha gesi karibu na sakafu. Ni vifaa viwili tofauti na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake.

Hewa hiyo inasaidia jambo lingine: kila kilo ya gesi inayoungua huzaa karibu kilo 1.6 za maji kama mvuke. Ongezeni mvuke wa sufuria, na mtaelewa kwa nini magodoro ya magari ya kuishi huota ukungu.

Kwa wanaovuka mipaka: vichwa vya mitungi hutofautiana nchi hadi nchi, na mtungi wa nchi moja mara nyingi haujazwi wala kubadilishwa katika nyingine. Bebeni lile jiko la kasha kama akiba, maana makopo ya butani hupatikana kwa urahisi zaidi. Vivuko na mahandaki mengine hukataza au huwekea gesi kikomo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kufika foleni.

Spiriti na mafuta ya taa

Kwa ufupi. Jiko la spiriti halina presha wala mtungi, na ni kimya, lakini kilo ya spiriti ina zaidi kidogo tu ya nusu ya joto la kilo ya gesi, na moto wake mchana hauonekani. Msiongeze spiriti kwenye jiko lililo moto. Mafuta ya taa ya kupampu yana nguvu nyingi na hayasumbuliwi na baridi, ila huhitaji kupashwa kwanza na hutoa harufu inayoingia kwenye nguo. Ndani ya van, sipendekezi. Jiko la dizeli lenye bomba la kutoa moshi nje ni jambo jingine kabisa, ni salama na kavu, lakini huchukua dakika kadhaa kupata moto na gharama yake ni ya kufunga mara moja kwa maisha.

Vyombo vinaokoa nishati kuliko majiko

Watu huhangaika na chapa ya jiko na kusahau kifuniko. Nunueni sufuria mbili zinazoingiana, lita 1.5 na lita 3, zenye kitako bapa kisichopungua sentimita 16, ili moto usipande ubavuni. Kitako kiwe kinashika sumaku, hata kama leo hamna induksheni. Kikaango kimoja kizito. Vishikio vya kukunja viwe vya chuma kinachofunga imara. Vile vinavyocheza humwaga uji mapajani.

Chupa ya chai ya lita moja yenye kuta mbili inawaondolea safari moja ya kuchemsha kila siku. Chemsheni lita mbili asubuhi, moja mnywe, moja iwekwe. Kwa wali na kunde, tumieni utaratibu huu: chemsheni kwa nguvu, kwa kunde zilizolowekwa dakika 10 hadi 15, kisha zimeni na muifunge sufuria kwenye begi nene la kutunza joto, au ndani ya mablanketi kwenye kasha. Wali huiva kwa dakika 30 hadi 40, kunde kwa saa tatu au nne, bila tone la gesi. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwa sababu kiasi kidogo hupoa upesi. Mkiifungua, chakula kiwe bado juu ya nyuzi 60. Kikishuka chini ya hapo kichemsheni tena kabla ya kula. Kunde za kukauka zilizosalia ngumu zisiliwe hivyo, zirudishwe motoni.

Milimani kumbukeni kwamba maji huchemka kwa nyuzi pungufu, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwenye mita 3,000 yanachemka kwa 90 hivi, na maharage yatawakalia saa nyingi. Hapo sufuria ya presha si anasa.

Kabla ya kuondoka

Kizima moto cha unga cha kilo 2 kikae karibu na mlango, mahali mnapoweza kukifikia mkiwa nje, na blanketi la moto karibu na jiko. Mafuta ya kukaangia yakiwaka, funikeni na kufunga gesi; maji yatayatawanya.

Kisha jaribuni mfumo wote siku tatu mkiwa mmeegesha nyumbani, injini ikiwa imezimwa. Pimeni mtungi kwa mizani ya mkono kabla na baada. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Mkikuta mmetumia zaidi ya gramu 200 kwa siku, tafuteni upepo, kifuniko kilichosahaulika au kichomeo kilicho kikubwa kuliko sufuria. Kwa upande wa betri, fungeni kifaa cha kuhesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka, kwa sababu volti za lithiamu hazionyeshi kilichobaki hadi inapokaribia kuisha. Sufuria ya presha ikiwa imekula zaidi ya ampea-saa 30 kwa mlo mmoja, guseni waya wa inverta na maungio yake wakati ikiwaka. Palipo na joto ndipo pa kurekebisha.

Induksheni iacheni hadi mtakapoongeza betri, inverta na sola kama nilivyoeleza. Kwa sasa fedha hiyo itumieni kununua king'ora cha kaboni monoksidi na waya mnene.